Amplifaya ya Vitufe Viwili

Nilijenga amplifaya ya hedfoni kwa sababu mke wangu alichoka na spika zangu. Tunaishi Siakago, katika nyumba ya mabati ya vyumba vitatu, nami ni karani katika ofisi moja ya serikali hapo mjini. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye anayefundisha kwaya ya kanisa letu. Jumamosi yeye husahihisha madaftari mezani, na kwangu Jumamosi ndiyo siku ya muziki. Siku moja aliweka kalamu chini.

"Mzee, siku hizi unapandisha hiyo sauti mpaka vikombe vinalia kabatini. Tafuta kitu cha kusikiza peke yako."

Sikukasirika. Nilikuwa tayari nimeona mtandaoni mchoro wa amplifaya ya mchanganyiko. Mbele ina valvu, zile chupa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, na nyuma ina transista za kisasa zinazoisukuma hedfoni. Watu wanaopenda valvu husema zinaipa sauti ulaini. Mimi nilichopenda zaidi ni kwamba hii ilitumia volti ishirini na nne tu, kwa hivyo hata nikikosea sitakufa. Upande wa kushoto na wa kulia ulikuwa pacha: valvu moja na transista moja kila upande.

Vitu vingine vyote nilivipata katika duka la vipuri mjini Embu, isipokuwa valvu. Mwenye duka alinielekeza kwa fundi wa redio nyuma ya soko, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitoa kopo la biskuti chini ya meza, na ndani yake valvu zilikuwa zimefungwa moja moja katika karatasi za gazeti kama mayai.

"Hizi zilitoka kwa radiogramu ya misheni," aliniambia. "Mbao zake zililiwa na mchwa, lakini hizi ziko nzima. Wewe unafanyia nini?"

Nilipomweleza, aliinamia kopo. "Basi chukua mbili zilizokaa pamoja. Usitenganishe. Zikizeeka, zizeeke pamoja."

Nilijenga kwa Jumamosi tatu. Sanduku lilikuwa la ubao wa mukima, ule mti wa mipakani mwa mashamba, na juu yake nilifunga bati la alumini nililotoboa kwa drili. Nilipoiwasha mara ya kwanza, valvu ziliwaka nyekundu taratibu, hakuna kilichotoa moshi, na katika hedfoni nikasikia mngurumo kama wa mzinga wa nyuki. Muziki ulikuwa nyuma ya mngurumo huo, mbali sana.

Mngurumo ulinichukua majuma mawili. Kwanza nilibadilisha adapta, kwa maana ile ya kwanza ilikuwa ya bei rahisi na niliishuku. Mngurumo ukapungua lakini haukuisha. Kisha nikagundua kwamba waya zangu za athi, yaani za ardhi, nilizifunga popote nilipoona nafasi, nyingine kwenye bati, nyingine kwenye soketi, nyingine kwa jirani yake. Nilizikata zote nikazileta kwenye nati moja. Nilipowasha tena, nilidhani nimeharibu kitu, maana hapakuwa na sauti yoyote. Halafu nikabonyeza muziki, nao ukaja ukiwa safi.

Ulikuja safi lakini umelalia kulia. Mwimbaji ambaye angepaswa kuwa katikati alikuwa amekaa begani pangu pa kulia. Upande wa kushoto ulisikika, ila ulikuwa hafifu na umefunikwa, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya blanketi.

Kutafuta hitilafu katika kitu chenye pande mbili zilizo sawa si kazi ngumu. Unabadilisha cha kushoto kwa cha kulia, kisha unaangalia kama ugonjwa umehama nacho. Nilibadilisha valvu, ugonjwa ukabaki kushoto. Nilibadilisha waya zinazoingiza muziki kutoka kwenye simu, ukabaki kushoto. Nilifungua transista zote mbili, nikazilehemu upya kila moja mahali pa mwenzake, na vidole viwili vikaungua katika kazi hiyo. Ukabaki kushoto. Nilipima kwa mita kila mahali panapopimika, na volti za pande mbili zilifanana hata usingeweza kusema ipi ni ipi. Mwishowe nililaumu hedfoni nikaenda Embu kununua nyingine. Nayo ilikuwa dhaifu kushoto.

Jumapili moja baada ya ibada mke wangu alinikuta nimeinamia sanduku na shati langu la kanisani.

"Bado ni ule upande?"

"Bado."

"Hebu nisikize."

Alivaa hedfoni akafumba macho, kama anavyofanya kwaya inapoimba sauti nne. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Mimi naona ziko sawa," akasema.

"Haziko sawa. Sikiza kushoto vizuri."

"Nimesikiza. Kushoto kuna gitaa, kulia kuna kinanda, mwimbaji yuko katikati. Ni sawa."

Nilimwambia kwamba kuna mambo ya kiufundi ambayo sikio la kawaida haliyashiki. Nilisema hivyo kwa mtu anayeweza kutoa katika waimbaji ishirini na watano yule mmoja aliyeshuka nusu noti. Alinirudishia hedfoni akaenda kuangalia ndengu zake jikoni.

Nilivaa hedfoni bila kutazama, na kamba yake ambayo hutokea upande wa kushoto ikanishukia begani kulia. Nilikuwa nimeigeuza. Nikaiacha vivyo hivyo, kwa sababu kubadilisha ndiyo kanuni, nikangoja ugonjwa uhamie kulia.

Haukuhama. Gitaa, ambalo sasa lilikuwa kulia, lilisikika kila uzi. Kinanda kilikuwa kushoto, ndani ya blanketi.

Niligeuza hedfoni mara tatu au nne. Kisha niliivua, nikasugua kidole na kidole karibu na sikio la kulia, nikasikia mkwaruzo. Nikasugua karibu na sikio la kushoto. Niliona vidole vikisuguana kwa pembe ya jicho, lakini sikusikia kitu.

Sikuogopa hasa. Nilichohisi zaidi ni aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya sikio.

Nilienda jikoni nikamwambia. Alipunguza moto kwanza.

"Kwa hivyo si dharau," akasema.

"Dharau gani?"

"Nikikuitia upande ule, hujibu. Mezani, kanisani, kitandani. Ni kama miaka miwili. Nilikuwa nimeamua ni tabia umeanza, nikanyamaza."

Nilimwomba msamaha kwa yale ya sikio la kawaida, naye akasema hayo alikuwa ameshayasahau, jambo ambalo halikuwa kweli.

Hospitalini Embu walinifungia katika chumba kidogo kisicho na sauti, wakanivisha hedfoni, wakaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Daktari wa masikio alikuwa msichana mpole. Alinionyesha karatasi yenye mistari miwili. Wa kulia ulienda tambarare karibu hadi mwisho. Wa kushoto ulianza vizuri kisha ukaporomoka kama barabara ya kushuka Kiambere.

"Umewahi kufanya kazi karibu na mashine ya kelele?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni karani. Kisha nikakumbuka. Baba yangu alikuwa na posho mil Githongo, mashine ya kusaga unga yenye injini ya dizeli, na kila likizo tangu darasa la sita hadi nilipomaliza sekondari nilisimama pale nikimimina mahindi. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kusimama, kati ya injini na ukuta. Injini ilikuwa kushoto.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Huwa inakuja polepole. Lililopotea halirudi, lakini lililobaki tunaweza kulilinda."

Nilimpigia baba simu jioni hiyo. Tuliongea Kimeru, naye alipiga kelele kama kawaida yake ya simu, ambayo siku zote nilidhani ni ushamba wa wazee.

"Baba, nimetoka kupimwa sikio."

"Ni la kushoto?" akauliza kabla sijamaliza.

"Umejuaje?"

"Langu lilianza hilohilo. Nilikuwa nasimama pale kabla yako."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Watu walitaka unga."

Baada ya hapo nilirudi kwenye amplifaya, ambayo haikuwa na kosa lolote. Nilitoa kitufe kimoja cha kuzungusha sauti kilichoongoza pande zote, nikaweka viwili, kila upande na chake. Sasa napandisha cha kushoto kidogo, si sana, maana daktari alinionya nisilisukume lile sikio. Mwimbaji hajarudi katikati kabisa. Amefika karibu na shingo, na hapo nimemwacha. Mke wangu akitaka kusikiza nyimbo anazorekodi za kwaya, huvirudisha vitufe viwe sawa, nami huanza upya. Nimeweka alama ya rangi ya kucha mahali pangu, na rangi yenyewe ni yake.

Msimu wa kahawa ulipoisha nilienda Githongo na sanduku langu mgongoni. Nilimkalisha baba barazani, nikamvisha hedfoni, nikapandisha vitufe vyote polepole mpaka akainua mkono. Ulikuwa wimbo wa Kimeru wa kanisani, uliorekodiwa na mke wangu. Alisikiza beti mbili akiwa hajatikisika. Kisha akavua.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini hii ni redio ya mtu mmoja. Wengine wafanye nini, waniangalie?"

Nilimwambia tutaenda kupimwa Embu. Alikataa, nikamwambia tena, akasema tutaona baada ya kupogoa miti. Nikachukua hilo kuwa nusu ya ndiyo.

Tukakaa tuongee. Nilikuwa kwenye benchi upande wake wa kulia, na kila aliposema jambo ilinibidi nigeuze kichwa, na kila niliposema mimi, yeye alisikia vizuri. Tulipobadilishana nafasi, mimi nikasikia naye akawa ananiuliza "Eh?" Mwishowe nilileta kiti kutoka ndani, nikakiweka mbele yake, tukaongea tukitazamana. Hatukuwa tumewahi kukaa hivyo. Aliniuliza mambo ya kazi, nikamjibu, na chai ilipoletwa ilikosa mahali pa kuwekwa, ikawekwa sakafuni kati ya miguu yetu.