Kiti cha Balozi Lucinda

Inatangazwa kwa wananchi wote, wazima kwa wagonjwa, pamoja na wale waliosinzia kwenye foleni ya dawa, kwamba Sista Lucinda Raimundo, muuguzi wa wodi ya wazazi, ameteuliwa kuwa Balozi wa Mazoezi kwa Wauguzi Wenye Ulemavu. Uteuzi unaanza mara moja. Mteuliwa hakuulizwa.

Sentensi ya mwisho haikuwamo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kituo cha afya, njia ya Mpapura, Mtwara, Juni ya mwaka 2003. Aliyeibandika ni Bwana Mustafa, mratibu aliyeshuka kutoka mjini na fulana, bango na kitambi.

Lucinda aliisoma akiwa bado ameshika baiskeli. Polio ilimpata utotoni, wazazi wake walipovuka Ruvuma kukimbia vita, na tangu hapo mguu wa kulia ulikuwa unaning'inia tu kama mgeni asiyejua kushika jembe. Wa kushoto ndio uliokanyaga pedali, mlima na mteremko, kila siku ya kazi.

"Mazoezi nafanya," alimwambia Mustafa. "Baiskeli hii hapa."

"Huo ni usafiri, Sista. Mazoezi yana fulana."

"Basi nipe fulana nipande baiskeli."

"Utapanda kiti cha magurudumu. Kimeshanunuliwa. Nitakusukuma mwenyewe mbele ya mchakamchaka, tupigwe picha."

"Sijawahi kukalia kiti hicho tangu nizaliwe."

"Utazoea."

Matroni Helena alimvutia pembeni. "Usiniletee kiburi cha ng'ambo ya mto. Ukikataa, huyu ataandika kwamba hufai wodini. Utahamia masjala ukafunge mafaili kwa uzi."

Hapo alimpata. Wodi ya wazazi ndiyo mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyemtazama Lucinda mguu. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu hana muda huo. Anatafuta mkono wa kung'ang'ania, basi.

"Nitakaa," alisema Lucinda, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Mustafa akachagua njia ya kupita katikati ya mikorosho, alfajiri, ili picha zipate ukungu. Sasa, Mtwara nzima inajua kwamba alfajiri ya Juni ni ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Umande uko kwenye majani, upepo haujaamka, na wakulima wamebeba mashine mgongoni wanapuliza. Wauguzi walijua. Lakini Mustafa alikuwa ametamka kikaoni kwamba atakayeleta pingamizi ni mvivu, na hakuna aliyetaka kuwa mvivu. Lucinda ndiye aliyenyamaza kwa furaha kuliko wote. Asubuhi hiyo alikuja na gongo lake la kutembelea, amejifunga kanga mbichi usoni, ikabaki mianya ya macho.

"Balozi, mbona unaficha sura?"

"Baridi."

Wakaondoka, Mustafa akisukuma kiti, fulana zikifuata nyuma zikiimba. Mkulima mmoja, Mzee Issa, aliwasikia akiwa katikati ya mikorosho yake. Akazima mashine.

"Nyie, mnakimbizwa na nani?"

"Tunafanya mazoezi, mzee!" alijibu Mustafa.

"Basi fanyeni," alisema Issa, akaiwasha.

Wingu la manjano likawashukia. Wimbo ukageuka kikohozi, wauguzi wakatawanyika kwenye mihogo kama kuku waliomwona mwewe. Mustafa aliachia kiti akakimbia, akakumbatia mkorosho, akaanguka. Kiti kiliteremka peke yake na Balozi wake hadi kikagota kwenye kisiki.

Lucinda alivuta kanga mpaka machoni, akangoja vumbi litulie. Kisha akasimama kwa gongo lake.

"Nimepofuka!" alilia Mustafa chini ya mkorosho. "Nani yuko hapo?"

"Balozi."

"Sista, usiniache, nakuomba!"

Alimtazama. Akaitazama njia ya kurudi, ilivyokuwa tupu na nzuri. Tusimsingizie wema: alifikiria. Halafu akamkokota hadi kwenye kiti, akamlazia gongo mapajani, akaegemea mishikio. Kumbe kiti kile kilifaa. Mishikio ilimbeba vizuri kuliko gongo.

Mpiga picha alikuwa ametegesha kamera getini pa kituo. Aliambiwa apige picha ya kiti kikisukumwa, akapiga.

Riziki, muuguzi aliyewahi kutoka kwenye mihogo, alimmwagia Mustafa maji machoni hapo hapo kitini. Helena akachungulia dirishani: "Lucinda! Kuna mzazi kaletwa, amekaa chini hapa, hawezi hata hatua moja!"

Mustafa, macho yamevimba kama maembe, alipapasa hewa akaushika mkono wa Lucinda.

"Sista, nitaandika kwamba wodi ya wazazi ni yako, asikuguse mtu. Leo umeonyesha ushujaa. Nipe neno moja tu kwa wauguzi wenye ulemavu wa taifa hili, niliweke mwanzo wa ripoti."

"Shuka," alisema Lucinda. "Kuna mtu anahitaji kiti."