Wifi Alivyoishusha Ngoma

Kipupwe kwetu ndiyo miezi ya kukaa. Mpunga umeshaingia ndani, muhogo umeshamenywa na kuanikwa, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Hakuna wa kukuuliza mbona umekaa. Basi ndipo watu tunatembeleana, tunacheza ngoma, tunawatoa wasichana wetu unyagoni. Mimi siku hizi nimeongeza jingine: naandika. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, na mkono wangu mzito, mstari mmoja unaweza kuivisha uji. Majina ya hawa nitakaowasema ninayo yote kichwani, ila siyaweki hapa. Jina la mtu unaliita kwenye ngoma, watoto wake wakisikia.

Katika ukoo wetu mwali akitolewa, wimbo wa kwanza ni wa kuita majina. Wanawake wote waliowahi kuuongoza wanaitwa mmoja mmoja, na kila jina likiitwa wenzako wanaitikia, ngoma ndogo inajibu. Nimeuongoza tangu mama yangu alipofariki. Mwaka huu alikuwa anatolewa mjukuu wangu, kwa binti yangu kule Mtawanya, na mimi koo limeshuka. Nikipandisha, sauti inakatika kama uzi uliooza. Nikamwambia binti yangu atafute mwingine.

"Mwingine yupi, mama? Majina anayajua nani?"

Nikamwandikia, karatasi nzima, na nilijivunia. Akaishika, akaimba. Hakuruka hata jina moja, lakini aliyaita kama nesi anaita wagonjwa zahanati: huyu apite, huyu afuate. Mwenyewe akacheka, akakaa chini. Kosa halikuwa lake. Mama yangu akiita jina alikuwa anasubiri kidogo, kama mtu aliyepiga hodi. Jina la shangazi yake aliyekufa akijifungua alilisubiri zaidi. Pale pa kusubiri sikujua niandike nini. Mpaka leo sijui.

Akaja wifi yangu kutoka Mahurunga, dada wa marehemu mume wangu, na ngoma yake ndogo. Huyu amenipigia tangu tuko wasichana. Nikamwambia safari hii siimbi.

"Kaka yangu alioa koo, hakuoa sura," akasema. "Na koo lenyewe umelimaliza kwa kugombana naye."

"Na wewe vidole vimepinda, wifi. Unapiga ngoma au unapapasa embe kama limeiva?"

"Vimepinda, lakini nimekuja navyo."

Siku ilipofika wanawake waliwasha nyasi uani, wakapasha ngoma. Ngozi ikipata moto inakaza, mlio unapanda, na mwimbaji anaufuata huko huko juu. Vijana ndivyo wanavyopenda. Wifi yangu hakwenda motoni. Aliipakata ngoma yake, akachovya kiganja kwenye bakuli la maji, akaipaka ngozi polepole kama anampaka mtoto mafuta. Akagonga. Akapaka tena.

Binti yangu akamsogelea. "Shangazi, hiyo imepoa. Nikupashie?"

"Iache. Imepoa kwa kazi."

Akagonga, na safari hii alikuwa ananitazama mimi. Mlio ulikuwa chini kabisa, pale ninapoongelea kila siku. Nikafungua mdomo kama mtu anayeomba chumvi, jina la kwanza likatoka. Wenzetu walihangaika kidogo kutafuta pa kuitikia, kisha wakashuka, tukawa pamoja. Nilipofika kwa yule shangazi wa mama nikasubiri. Wifi naye mkono ukabaki juu. Hata mwali, aliyekuwa ameinama chini ya khanga, alitulia. Ndipo ngoma ikajibu, nikaendelea mpaka jina la mama yangu, ambalo ndilo la mwisho kwa sasa.

Tulipokaa kula, wifi akaniambia, "Koo la kaka yangu bado lipo." Nikamwongezea wali.

Siku hizi binti yangu akipepeta mchele namsikia anauimba wimbo ule, chini vile vile kama mimi, ingawa yeye bado kijana na koo lake linafika juu. Nimemwambia apandishe. Anasema ndivyo alivyousikia. Karatasi yangu haishiki tena, na akifika kwenye jina la yule shangazi wa mama yangu ungo unasimama, mchele unatulia, halafu anaendelea.