Mche Usio na Mama

Mama Kitalu hakupanda mche ambao mama yake, mti uliozaa mbegu yake, hamjui. Kanuni hiyo aliishika tangu alipokabidhiwa kitalu cha miti chini ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, ili akivike kilima miti tena. Tingatinga lilikwisha kukwangua udongo wote mzuri, zikabaki changarawe na udongo mwekundu usio na rutuba. Mwerezi wa kienyeji ndio pekee uliovumilia njaa ile.

Mwaka ule ukungu uliua miche yake yote, na mvua ilikuwa mlangoni. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa chini ya mteremko ule mtupu. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipokuja na mkokoteni uliojaa miche.

"Mwerezi halisi, Shemeji. Nimeuotesha kwa mkono wangu."

Mama Kitalu akapitisha kiganja juu ya majani. Mwerezi mchanga huchoma. Huu ulikuwa laini, ukambembeleza kama mposaji.

"Mbona imenona hivi? Mama yake yuko wapi?"

"Mti nao una mama? Shemeji, wewe hata kivuli chako unakikagua!"

"Nikikikuta kimepinda nakirudisha. Nipeleke."

Wakapanda mlimani, shemeji akilalamikia goti njia nzima. Juu akaonyesha mwerezi mnene. "Huyo hapo. Mbegu nimechuma ndoo nzima."

Mama Kitalu akatikisa tawi. Vumbi la manjano likammwagikia kifuani. Kitunda hakikuwepo hata kimoja, si tawini, si chini.

"Mwerezi una dume na jike. Huyu ni baba. Tangu lini dume likazaa?"

Shemeji akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Haya, nimekosea mti. Utaniaibisha mbele ya kaka kwa sababu ya majani?"

"Umejiaibisha mwenyewe. Ondoa mkokoteni wako."

Jioni mumewe alimsihi. "Panda tu, mama watoto. Mizizi ni mizizi."

"Ikikauka kiangazi, nani ataniamini tena na kilima hiki?"

Mume akasema anataka amani tu na mdogo wake. Aliyezoea kufunika uongo wa ndugu huuita amani.

Mvua ikanyesha juu ya mteremko usio na mche hata mmoja. Tope likateremka, likaangusha ukuta wa jiko. Shemeji hakuja hata kushika koleo, na hajakanyaga pale tena. Mumewe huenda kumwona peke yake, akirudi hasemi kitu. Kanuni ile ilimgharimu Mama Kitalu jiko, shemeji, na nusu ya maneno ya mumewe.