Mwarobaini Uliobeba Jina Langu

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa darasa la sita, siku niliyopigiwa makofi na shule nzima kwa kazi ambayo sikuifanya. Wengi walionipigia makofi hayo tumekwisha kuwazika. Lakini sauti ya makofi hayo ingali masikioni mwangu, na leo nataka nikueleze kwa nini.

Shule yetu iko huku Marungu, ukishauacha mji wa Voi nyuma na barabara kugeuka vumbi tupu. Siku hizo ilikuwa na majengo mawili ya mabati na uwanja usio na kivuli cha kumtosha kuku. Ikifika saa nne, mabati yalianza kulia kwa joto na mwalimu alilazimika kupaza sauti. Mwalimu Mkuu wetu alitoka milimani, upande wa Chawia, ambako mtu huzaliwa chini ya miti, na sisi tulimwona kama mtu anayeteseka. Muhula mmoja alirudi na miche ya mwarobaini. Kila mwanafunzi wa darasa la sita akapewa mche wake.

Tulikata vifuniko vya mikebe, tukatoboa majina yetu kwa msumari, tukavifunga kwenye miche kwa kamba ya katani. Mche uliokuwa karibu na wangu ulikuwa wa Wakesho, msichana mwembamba, mpole, aliyependwa na walimu. Yeye hakutumia katani. Alisema katani inakata gome. Alichana ukanda wa leso kuukuu ya mama yake, nyekundu, akafunga kwa huo. Tulimcheka. Tulimwuliza kama mti wake unakwenda harusini.

Wiki ya shule ilikuwa na mpango wake. Jumatatu tulipandisha bendera, Jumatano na Ijumaa tulimwagilia miti. Maji hayakuwapo shuleni, kwa hiyo kila mmoja alibeba kibuyu kutoka nyumbani, na mara nyingi yalikuwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo. Nyumbani kwetu kulikuwa mbali. Njiani palikuwa na kiwanja chetu cha mpira, chenye vumbi la kuziba pua, nasi wavulana tuligundua kwamba ukikimwagia maji kidogo vumbi linatulia na mpira unadunda vizuri. Basi kibuyu changu kiliishia hapo. Nilibakiza viganja viwili tu, nikifika shuleni nanyunyizia juu ya udongo ili uonekane umelowa. Mwalimu akipita, anaona udongo mweusi, anaendelea na safari yake.

Unaweza kumdanganya mwalimu kwa udongo mweusi, mwanangu, lakini mizizi ilikuwa chini na haikuona kitu. Kiangazi kilipokaza, mche wangu ukawa kijiti. Wa Wakesho ukawa umenifika kiunoni.

Ndipo Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba Ijumaa ijayo atakagua mti mmoja mmoja. Nilifikiria kusema ndovu wameukanyaga wangu, maana ndovu hawakuwa wageni kwetu. Lakini ni ndovu gani anayekanyaga mche mmoja na kuipita mingine yote kwa heshima? Alhamisi jioni, wenzangu walipokuwa wanafagia madarasa, niliinama kati ya ile miche miwili kama mtu anayeng'oa magugu. Nikakata katani yangu. Fundo la Wakesho lilinishinda, alikuwa amelifunga vizuri mno, kwa hiyo nikauacha ukanda mahali pake, nikachomoa kifuniko chake tu na kupachika changu. Kifuniko chake nikakifunga kwenye kijiti changu. Haikunichukua muda wa kumaliza andazi.

Ijumaa tulipanga mstari. Mwalimu Mkuu alipofika kwenye ule mti mzuri, akasoma jina langu, akanishika bega, akaiambia shule inipigie makofi. Hatua mbili mbele akasoma jina la Wakesho kwenye kijiti kikavu. Hakumchapa. Ingekuwa nafuu. Alimwuliza mbele ya wote kama mtu anayeshindwa na kibuyu kimoja cha maji anafaa kukabidhiwa bendera ya nchi. Maana Wakesho, nilisahau kukuambia, ndiye aliyekuwa amechaguliwa kupandisha bendera muhula ule. Alikuwa amefanya mazoezi ya kukunja na kukunjua kwa leso ile ile ya mama yake, na nyumbani kwao walikuwa wanajua.

Wakesho aliutazama ukanda mwekundu uliokuwa umeshika kifuniko changu. Kisha akanitazama mimi. Wenzetu walioucheka ukanda ule waliujua, lakini nani angethubutu kumkosoa Mwalimu Mkuu?

Jumatatu iliyofuata, bendera niliipandisha mimi.

Nilidhani atanisemea kwa Mwalimu, nikaanza kumkwepa. Jumatano nikamkuta ameinama kwenye ule mti na kibuyu chake, anamwaga maji taratibu, kidogo kidogo, kama anayenywesha mtoto. Niliangalia huku na huku, nikamwuliza anafanya nini, kwani huo si mti wake tena.

"Mti unajua jina la nani limeandikwa?" akaniuliza. "Nikiuacha ufe, nitakuwa nimekukomoa wewe au nimejiumiza mimi?"

Ningeweza kusema pole, neno dogo hilo, na hakukuwa na mtu wa kunisikia ila yeye. Badala yake nilimwambia asimwage maji mengi, yataozesha mizizi. Mimi, wa kumfundisha Wakesho kumwagilia. Alicheka kidogo, akachukua kibuyu chake, akaenda. Aliendelea hivyo Jumatano na Ijumaa zote hadi tulipomaliza darasa la saba.

Baadaye maisha yalitutawanya. Mimi nilikwenda sekondari, kisha nikafanya kazi ya ukarani mjini Voi hadi nilipostaafu. Wakesho aliolewa Kasigau, akazeeka na mashamba na ndovu wake, na mumewe alipofariki akarudi kwa ndugu zake hapa Marungu. Mti nao ulikua. Ukawa ndio kivuli cha shule. Watu wakauita kwa jina langu, mwarobaini wa Mwadime, na kila nilipoalikwa siku ya wazazi, kulikuwa na mtu wa kunionyesha kwa watoto na kusema, mnaona juhudi. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kosa lenyewe. Kosa nililifanya nikiwa mtoto. Kule kuitikia nilikufanya nikiwa mtu mzima, mwenye mvi, mwenye kiti chake kanisani.

Mwaka huu Mwalimu Mkuu wa sasa, mama mchangamfu sana, alinipigia simu. Alisema watoto wa gredi ya nne watapewa miche Ijumaa, nami niwape neno, na kwamba wamechora kibao cha kuweka kwenye mti wangu. Mjukuu wangu Mkawasi yuko gredi hiyo hiyo. Ndiye aliyepaka rangi herufi za jina langu. Alinionyesha vidole vyake vya bluu wiki nzima na kukataa kuvisugua. "Babu, wewe ndio ulitupatia kivuli," alikuwa ananiambia, na kila akisema natamani anyamaze.

Siku hizi Ijumaa akina mama wazee hufika shuleni kuchambua maharagwe ya chakula cha watoto. Nilipowasili walikuwa wameketi na nyungo zao, na katikati yao alikuwa Wakesho. Alinisalimia kwa utani kama kawaida yake, akaniuliza kama nimekuja kumwagilia. Wenzake wakacheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilijua.

Niliposimama mbele ya watoto, hotuba niliyokuwa nimeiandika ilikuwa mfukoni. Nilimtazama Mkawasi mstari wa mbele, vidole vya bluu vimeshika kile kibao. Nikaona kwamba nikikipokea, uongo wangu utaanza kuishi ndani yake naye, na atakuja kuwasimulia watoto wake. Basi nikawaeleza yote. Kiwanja cha mpira, udongo mweusi, kifuniko, ukanda wa leso, bendera. Sikujitafutia udhuru wa utoto. Nikamgeukia Wakesho, nikamwambia, "Dada, mti ni wako. Nilikuibia, nikaona unaumwagilia, nikanyamaza. Nisamehe."

Watoto walikuwa wanamtazama Mkawasi, na Mkawasi alikuwa anatazama chini. Wakesho aliweka ungo wake pembeni, akajipangusa mikono.

"Umechelewa, Mwadime," akasema. "Nilishakusamehe nikiwa bado na meno. Kilichonisumbua ni ile bendera tu. Nilikuwa nimeshajua kuikunja."

Akina mama wakacheka, na safari hii walijua wanachekea nini. Mwalimu Mkuu hakucheka. Alikuwa anafikiri.

Watoto wakauliza kama sasa waandike jina la Wakesho. Yeye akakataa. Alisema mti haujawahi kumwuliza mtu jina lake, afadhali kibao kisuguliwe na kiandikwe zamu ya kumwagilia miche mipya, nani Jumatano, nani Ijumaa. Mkawasi ndiye aliyekisugua. Alisugua jina langu mpaka likaisha, bila kuniangalia, na nilifikiri nimempoteza. Jioni, tukiwa njiani kurudi nyumbani, alinishika mkono. Akauliza kile kibuyu changu kilikuwa kikubwa kiasi gani. Nilipomwonyesha kwa mikono, akasema ni kidogo, yeye anaweza kubeba hata viwili.

Jumatatu asubuhi niliamka mapema, nikavaa koti langu la kanisani, nikaenda kusimama nyuma kabisa ya paredi. Mwalimu Mkuu alimwita bibi mmoja aliyevaa leso mpya. Skauti wakampa kamba. Wakesho aliivuta polepole, kidogo kidogo, kama alivyokuwa anamwaga maji, na bendera ikakunjuka juu bila kukwama hata mara moja. Nami nikaimba wimbo wa taifa kwa sauti yangu mbaya, hadi mwisho.

Basi hili ndilo ninalokuachia, mwanangu. Ukimkosea mtu, mwambie mapema, akingali mbele yako na neno likingali dogo. Usisubiri liwe kubwa kiasi cha kuhitaji shule nzima, kama langu. Makofi usiyostahili usiyapokee hata ukiwa mtoto, maana ukishayazoea utayapokea hadi uzee. Na ukikosewa wewe, dai haki yako, sikuambii unyamaze, lakini usikiache kilicho hai kikauke kwa sababu ya aliyekukosea. Wakesho alifanya hivyo, na leo watoto wanakula chakula chao kivulini.

Mungu akupe mikono isiyochoka kubeba kibuyu hadi mwisho wa njia. Akupe rafiki wa kukusamehe ukingali na meno. Na mche wako, popote utakapoupanda, ukute mvua, ukue, ukupite urefu, uwafunike hata wasiojua jina lako.