Mume Wangu Anadhani Alimshinda Ndugu Yangu

Admin, nifichie jina, mji wetu mdogo na watu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Shella hapa Malindi na mume wangu na binti yetu mwenye pumu. Mume wangu ni bodaboda. Mdogo wangu wa kiume naye ni bodaboda, na wote wako stendi moja.

Hawa watu wana mashindano yao ya mbio za pikipiki Jumapili baada ya alasiri, barabara ya kwenda Sabaki. Zawadi hakuna. Kuna sheria tu, na sheria yenyewe ndiyo iliyonichosha. Ukishindwa, humpiti aliyekushinda barabarani mpaka siku utakayomshinda. Hata akienda mwendo wa kobe, wewe nyuma, na honi hupigi. Ukivunja, stendi huna.

Mwaka jana mdogo wangu alimshinda mume wangu. Abiria wakaanza kumkimbia, maana nani anataka kuchelewa kazini akifuata pikipiki ya mtu mwingine? Nyumbani akawa haongei. Nikavumilia, nikasema wanaume na mambo yao.

Siku moja mtoto akabanwa kifua. Tukapanda pikipiki kukimbilia hospitali, mimi nyuma nimempakata. Mbele yetu tukamkuta mdogo wangu, amebeba magunia ya makaa, anakwenda polepole. Nikamwambia mume wangu, "Baba Salma, mpite, mtoto hapumui vizuri."

Akanijibu, "Siwezi, mke wangu."

Nilimwita ndugu yangu mpaka koo likakauka, hakusikia. Tulimfuata hivyo hivyo hadi alipokata kona. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini mimi nilikasirika hasira ambayo mpaka leo haijaisha.

Jioni ile nikamwendea mdogo wangu, nikamwomba amwachie shemeji yake ashinde. Akaniambia, "Dada, wakijua nimeachia, stendini watanifukuza. Lakini kwa ajili ya mtoto, haya."

Jumapili iliyofuata mume wangu akashinda. Alirudi anacheka, kambeba Salma mabegani. Usiku akaniambia, "Nilidhani nimekwisha, mama." Akalia. Nikamfuta machozi na uongo wangu moyoni.

Kumbe nimechokoza mengine. Sasa amekubali kushindana na kijana mmoja wa Dabaso ambaye hata wenzake wanamwogopa. Ni Jumapili hii. Mdogo wangu amekuja mbio: "Dada, siku ile breki nilishika mimi. Yule wa Dabaso hashiki breki, na shemeji akitaka kwenda naye sawa ataumia. Mwambie."

Nikimwambia, habari itafika stendi na mdogo wangu hana kazi, na mume wangu anarudi kuwa yule mtu wa nyuma asiyeongea. Nikinyamaza, naweza kuletewa maiti. Nimechoka, jamani, hata kulala silali.

Hivi ninavyoandika yuko uani anaosha pikipiki, anaimba. Ananiita nimwongezee maji. Nishaurini ndugu zangu, nikifika pale nimwambie nini?