Magoti ya Mama Ibidapo

Okeruwa nzima ilijua kwamba Mama Ibidapo hapigi magoti ovyo. Hakuwa na kiburi, ndivyo alivyolelewa. Mwanamke hupiga magoti mbele za Mungu, mbele ya wazazi na wakwe, na mbele ya mkubwa wake aliyetangulia kuliona jua. Akishafika hapo, basi, magoti yake ni yake.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mama wa watoto wanne, na kazi yake ilikuwa kupika iru, kile kiungo cheusi cha mbegu za mti, chenye harufu kali, ambacho kikikosekana jikoni, mchuzi wa mboga hauliki. Kazi hiyo aliachiwa na mama mkwe wake, na haina njia ya mkato. Mbegu huchemshwa toka alfajiri hadi jioni, hukanyagwa kwa miguu mpaka maganda yaachie, huoshwa, huoshwa tena, hurudishwa motoni, ndipo hufunikwa kwa majani siku tatu zivunde. Anayekwambia iru ni mbegu hajawahi kuipika. Iru ni maji. Madebe sita kwa kikapu kimoja, na yote Mama Ibidapo aliyabeba kichwani kutoka kijitoni, mteremko kwenda, mlima kurudi.

Kwa hiyo siku ile gavana mpya alipokuja kufungua bomba la sokoni, miaka mitatu nyuma, hakuna aliyefurahi kumpita yeye. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Gavana Fatukasi akazungusha koki, maji yakatoka kwa nguvu, wanawake wakaimba na kucheza mpaka viatu vikalowa. Ubavuni kwa gavana, kwenye kiti chekundu, alikaa mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na ushee, goti limemvimba. Mama Ibidapo alipomwona tu, akapiga magoti kumsalimu kama inavyompasa. Akamshika miguu, akamuuliza habari za goti. Wapiga picha wakapiga picha zao.

Maji yalitoka mpaka alasiri. Kesho yake bomba likakohoa, likatoa hewa. Ikajulikana kwamba nyuma ya ukuta wa shule lilifichwa boza, likaunganishwa kwa mpira, na boza lilipoondoka liliondoka na maji yake. Tangu siku hiyo bomba la Okeruwa limekuwa na kazi moja tu, kufungiwa mbuzi wa mchinjaji.

Watu walinung'unika, wakachoka. Ndipo mwaka wa uchaguzi ukaingia, gavana akataka aongezewe miaka minne, na pale njia panda, lami inapoishia, likasimamishwa bango refu kuliko mnara wa kanisa.

Kwenye bango gavana amesimama, mkono ameunyoosha kama mtume. Mbele yake mwanamke amepiga magoti, ameinua uso, anatabasamu. Bibi hayupo. Kiti chekundu hakipo. Chini pameandikwa kwa herufi kubwa kama milango: MAJI YAMEFIKA OKERUWA. ASANTE BABA.

Mama Ibidapo alisimama chini ya bango lile, beseni la mbegu kichwani, akajitazama mpaka shingo ikamuuma. Baba! Huyo baba alikuwa na miaka arobaini na sita. Alipozaliwa, yeye alikuwa ameshajua kupika.

Kuanzia siku ya pili hakupata amani.

"Mama Magoti!" vijana wa pikipiki walimwitia kituoni. "Tuombee na sisi tupate petroli! Magoti yako yana upako!"

Hao aliwasamehe, utoto una mwisho. Aliyemchoma ni Mama Wuraola, muuza pilipili wa meza ya jirani, ambaye walibebeana watoto na ndoo kwa miaka ishirini. Alimsema mbele ya wateja.

"Wenzako tunateremka kijitoni mpaka kucha zinang'oka, wewe unamshukuru mtu kwa maji. Walikupa nini, mwenzangu? Au bomba limefika uani kwako peke yako?"

"Mimi sikupewa hata sindano. Nilikuwa namsalimu mama yake."

"Mama yake yuko wapi pale? Nionyeshe. Labda macho yangu yameingiwa na pilipili."

Soko likacheka. Siku hiyo Mama Ibidapo alirudi nyumbani na iru yake kama alivyokuja nayo. Na siku iliyofuata vilevile. Wateja walipita mbele ya meza yake wakitazama upande wa pili, kama watu wanaopita penye msiba usiowahusu. Salamu alizozoea kupokea kutwa nzima, pole na kazi, pole na jua, pole na mzigo, zikakauka kama lile bomba. Nyumba hakuwa nayo ya kujivunia, shamba hakuwa nalo. Alikuwa na jina tu, na hilo nalo wamelichukua wakalibandika juu ya uongo.

Alhamisi akajifunga kilemba, akaenda ofisi ya kampeni. Palikuwa duka la saruji zamani. Sasa yamepangwa magunia ya mchele, kila gunia na sura ya gavana. Mwenyekiti wa chama wa kata, Bwana Akinsipe, aliruka kutoka kitini. Zamani Mama Ibidapo alimfundisha shule ya Jumapili, mtoto wa kusinzia.

"Mama yangu! Pole na jua! Nyota wa jimbo zima huyo, kaa, kaa."

"Sikuja kukaa, Akin. Nimekuja mniteremshe pale juu."

"Tukuteremshe? Mama, kuna watu wako tayari kutoa ng'ombe waonekane na gavana. Wewe umepandishwa bure, unalia?"

"Mmemkata mama wa watu. Mmeniacha nampigia magoti kijana."

"Ni picha tu, mama."

"Na maji? Nayo ni picha tu?"

Bwana Akinsipe akajikuna shingo. "Maji ni mchakato."

"Mchakato haujazi ndoo, mwanangu."

Akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti kwa upole wa mtu anayefunga mzigo.

"Sikiliza, mama. Jumapili gavana anakuja kanisani kwetu kutoa shukrani, yeye na mama yake. Wewe ndiye utatoa ushuhuda. Maneno machache: bomba lilikuja, tuna maji, Mungu ambariki gavana. Ukishasema hayo, Jumatatu asubuhi nalishusha bango kwa mikono yangu. Usiposema, litakaa. Akishinda litakaa miaka minne, mvua na jua. Chukua na gunia moja la mchele, ukapike."

"Mchele wenye uso wa mtu siupiki," alisema Mama Ibidapo, akatoka.

Lakini neno lilikuwa limemwingia. Siku mbili alifunga na kuomba, na siku mbili hizo shetani alimnong'oneza kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mtu mwenye akili. Maneno mawili tu, tuna maji. Mungu anaujua moyo wako. Kila mtu anajua hakuna maji, basi utakuwa umemdanganya nani? Na Jumatatu utakuwa mtu tena, watu watakusalimu. Akafika mahali akayajaribu maneno yale peke yake, jikoni, mbele ya chungu. Yalitoka vizuri. Hilo ndilo lililomwogopesha. Kwenye madhabahu ile ndipo watoto wake wanne walipobatizwa na ndipo jeneza la mume wake lilipowekwa. Asimame pale aseme maji yapo, huku nyayo za miguu yake zimepasuka kwa njia ya kijitoni?

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Wanawake wengi walivaa kitenge kipya cha rangi ya chama, walichogawiwa Jumamosi. Mama Ibidapo alivaa gauni lake jeupe la siku zote. Gavana alikaa mbele, kanzu yake kubwa ya kudarizi imemwagika pande zote za kiti, na kando yake mama yake na fimbo. Bibi huyo alikuwa anapelekwa kila kanisa la jimbo mwezi ule, kwa sababu watu wetu wanamwamini mtu anayetembea na mama yake. Anapofaa huletwa, asipofaa hukatwa.

Kanisani pale pana desturi. Ushuhuda ukizidi urefu au ukikosa adabu, mpiga ngoma huuzima. Hupiga ngoma, kwaya hudakia wimbo, na msemaji hukaa chini, hata awe nani. Bwana Akinsipe, ambaye hakumwamini mtu, alikuwa ameshazungumza na mpiga ngoma, Mzee Ayantunde. Nikikupungia mkono, piga.

Mama Ibidapo, ambaye hakuwa amejibu ndiyo wala siyo, akaitwa. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe!"

"Haleluya!"

"Namshukuru Mungu kwa uhai. Namshukuru kwa kijito chetu. Kwa sababu tangu niolewe mpaka leo asubuhi, maji niliyopikia ni ya kijito kile."

Gavana akaendelea kutabasamu, tabasamu limemgandia kama uji uliopoa.

"Bomba lilitoa maji siku moja. Nilikuwapo. Siku hiyo nilipiga magoti, na mmeniona wote pale njia panda. Lakini gavana sikumpigia magoti. Mbele ya madhabahu hii nasema, sikumpigia!"

Bwana Akinsipe akapunga mkono. Mzee Ayantunde akaitazama ngoma yake, akaitazama tena, akaanza kukaza kamba moja taratibu kama mtu mwenye siku nzima. Akapungiwa mara ya pili. Mzee akainama, akatafuta kitu chini ya benchi.

Mama Ibidapo akashuka madhabahuni. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha bibi, na pale, mbele ya kanisa lote, akapiga magoti.

"Mama, pole na safari. Goti linaendeleaje? Unanikumbuka?"

Bibi akainamisha uso karibu. "Wewe si yule mwenye harufu ya iru? Uliniambia nikande na mafuta ya mawese na chumvi. Nilikanda. Nilikuwa kwenye kiti chekundu."

"Ndiyo, mama. Kwenye bango kiti hakipo. Wewe pia hupo. Wamekukata, wakamweka mwanao."

Kanisa likavuta pumzi kwa pamoja. Bibi akamgeukia mwanawe polepole, fimbo mkononi.

"Babatope. Umenikata?"

"Mama, ni vijana wa picha, mimi si..."

"Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka ukaota ndevu, umenikata, ukachukua magoti yangu ukajipa wewe? Mwanamke huyu ni mkubwa wako! Na maji je? Yako wapi?"

"Yanakuja, mama."

"Miaka mitatu yanakuja. Yanatembea kwa miguu kutoka Yerusalemu?"

Hapo ndipo kanisa lilipopasuka. Na Mzee Ayantunde sasa akapiga ngoma, akaipiga hasa, lakini aliyezimwa hakuwa Mama Ibidapo. Gavana alifungua mdomo mara tatu, ngoma ikamjibu mara tatu, mpaka akakaa.

Mama Ibidapo hakucheka. Alirudi kwenye benchi lake na hasira yake. Watu walikuwa wanacheka kwa ajili ya picha ya mama, na ni haki yao, aibu ile ilikuwa kubwa. Lakini watoto waliozaliwa siku ya boza sasa wanateremka kijitoni na vikopo vyao, na kwa hao hakuna aliyesimama kabla ya leo, na yeye mwenyewe alisimama tu walipomgusa jina. Hilo alimwambia Mungu palepale benchini, akaomba msamaha.

Jumatatu asubuhi vijana walikuja na ngazi. Bango hawakulishusha. Walimkata yeye tu kwa kisu, kwa kuzunguka kilemba na magoti, wakaondoka na kipande kile wamekikunja. Gavana akabaki juu peke yake, mkono ameunyooshea tundu lenye mbingu ndani yake, na chini bado pameandikwa maji yamefika.

Jumamosi watu walipiga kura. Katika kituo cha shule ya Okeruwa gavana alipata kura kumi na tisa, na mchinjaji aliapa kwamba moja ilikuwa ya mbuzi. Lakini Okeruwa si jimbo zima. Huko kwingine, ambako hawakusikia au walisikia wakala mchele, walimwongezea miaka yake minne.

Habari hizo zilimkuta Mama Ibidapo kijitoni, amepinda mgongo, anaosha mbegu. Mama Wuraola aliteremka na ndoo mbili tupu. Akasimama juu ya jiwe, akasitasita, akatazama maji.

"Pole na kazi, Mama Ibidapo."

Mama Ibidapo alisuuza ungo mpaka maganda ya mwisho yakaelea yakaenda.

"Pole na mteremko, Mama Wuraola. Lete ndoo hiyo. Hapa juu maji ni safi zaidi."

Akamjazia. Kisha wakasaidiana kutwishana, wakaanza kupanda mlima.