Maji Mlima

Ko, ko, ko. Wekulo bado huisikia nyundo ya Sydney ikichonga mawe ya mtaro wa Kaloleni, wa kutoka bomba la uwanjani hadi langoni, miaka tisa iliyopita. Wekulo, mpimaji mstaafu, ndiye aliyeweka alama za mteremko. Sydney alijenga akizifuata. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yaligoma kwenda langoni, yakarudi bombani. Watu wakambandika fundi jina: Maji Mlima. Alikufa nalo.

Sasa mtaro utajengwa upya. Lakini kwanza Wekulo anataka kujua kama darubini yake ya shaba ya kupimia mteremko, aliyoinunua kuukuu kazini, inaona sawa. Kazini ilikaguliwa kila mwaka. Nyumbani aliiamini tu.

"Shemeji, anua nguo zako," alimwambia Beldina, mjane wa Sydney. "Leo naitaka darubini katikati ya uwanja."

"Siku ile ya kuweka alama mbona hukuitaka hapo?"

"Siku ile mlikuwa mmeanika mablanketi ya mtaa mzima."

"Si ungesema? Blanketi haliumi mtu."

Akaanua, akashika ufito wenye namba, kwanza kwenye kigingi cha bombani, kisha cha langoni. Darubini ikiwa katikati, kosa lake huwa sawa pande zote mbili, hujifuta. Lango lilikuwa chini ya bomba kwa sentimita tano. Wekulo akaihamishia karibu na bomba, pale pale alipoisimamisha siku ile, akapima tena.

Kumi na tatu.

Akafuta kioo kwa pindo la shati. Kumi na tatu.

"Umeona nini, Baba Nafula?"

Wekulo aliona sentimita nane za uongo, zile zilizoinua alama za langoni kupita za bombani. Alichukua kijiti cha chuma, akalegeza skrubu ndogo ya juu karibu na jicho la darubini, akakaza ya chini, kidogo kidogo, kama anayelisha kifaranga. Akachungulia. Akalegeza tena. Beldina alisimama na ufito juani, akilalamikia bega lake, mpaka kumi na tatu ikashuka ikawa tano.

"Marehemu alikwambia," Beldina alisema. "'Maji haya yatapanda.' Ukamjibu kwamba chombo hakidanganyi."

"Nilimjibu hivyo."

"Hata mimi, nikikasirika, nilimwita Maji Mlima. Mezani kwake."

Wekulo alivua kofia. Alitaka kusema kwa nguvu, kama alivyomjibu Sydney mbele ya watu, lakini sauti ilitoka ndogo, Beldina akalazimika kusogea aisikie.

"Waite majirani, shemeji. Zile alama zilikuwa zangu."